Mzazi hali chakula na arobaini inakaribia: jibu kwa mama wa Tanga

Swali: Binti yangu wa miaka 24 alikuja kujifungulia kwangu Tanga, ni mtoto wake wa kwanza. Alifanyiwa upasuaji na akapoteza damu nyingi. Sasa ni wiki ya tano. Tangu wiki ya pili hali chakula: nikimpa supu ya kuku au uji wa pilipili manga anaonja vijiko viwili, kisha anaomba chai ya rangi na kipande cha mkate. Usiku analia, hapati usingizi hata mtoto anapolala, na husema kwamba maziwa yake hayafai na kwamba mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa heri. Vidonge vya kuongeza damu aliviacha kwa sababu vilimfunga choo. Majirani wanamkataza maharage na matunda, na wengine wanasema ni kijicho. Arobaini inatimia wiki ijayo, na mumewe anataka kumrudisha Dar es Salaam. Nimpe chakula gani arudi katika hali yake?

Jibu: Shikamoo mama, na hongera kwa kupata mjukuu. Umeniuliza juu ya chakula, nami nitakujibu kwa urefu, kwa sababu lishe ya wazazi ndiyo kazi niliyosomea na ninayoifanya kila siku katika kliniki ya mama na mtoto. Hata hivyo, kabla ya kuinjika sufuria, naomba turudi kwenye maneno uliyoyapitia haraka katikati ya barua yako: kwamba mtoto angepata mama mwingine ingekuwa heri. Mzazi anaposema hivyo huenda ni uchovu unaomsemesha, na huenda amechoka kuishi. Wewe na mimi hatuwezi kujua mpaka aulizwe. Muulize leo, mkiwa wawili tu na mlango umefungwa, kwa sauti ile ile unayotumia kumuuliza kama amelala vizuri: Mwanangu, umewahi kufikiri kwamba ni afadhali usingekuwapo? Umewahi kupata wazo la kujiumiza, au la kumuumiza mtoto? Watu wengi huogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo ilivyo. Mwenye wazo hilo mara nyingi hupata nafuu kwa kumpata mtu wa kumsikia, na asiye nalo atakuambia hana. Akijibu ndiyo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, na dawa, sumu ya panya na vitu vyenye makali viondolewe alipo.

Ipo pia hali nyingine isiyongoja, ambayo wengi wetu tunaiita kichaa cha uzazi. Humpata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo ingawa inaweza kuchelewa, na dalili zake hazifanani na ulizonieleza: mzazi hukesha usiku kucha bila kuhisi uchovu, husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huzungumza mambo yasiyoshikana, au huamini jambo la ajabu juu ya mtoto wake. Ukiona hata moja kati ya hizo, chukueni usafiri muende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa nije kwenye yale unayoyaona kila siku. Siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua, zaidi ya nusu ya wazazi hupatwa na unyong'onyevu, machozi ya ghafla na hasira zisizo na sababu, kwa kuwa homoni zilizopanda kwa miezi tisa hushuka kwa siku chache tu. Hali hiyo huisha yenyewe kabla wiki mbili hazijatimia, na dawa yake ni usingizi, chakula na watu wa karibu. Ya binti yako ilianza wakati ile ya kawaida inapaswa kuwa imekwisha, na imeendelea kwa wiki tatu, ikiwa na kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kujilaumu. Mchanganyiko huo unanifanya nishuku sonona ya baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Sitoi hukumu kutoka mbali. Uchunguzi ni wa daktari au muuguzi atakayemwona ana kwa ana. Lakini ninakuomba usiuone kuwa ni jambo geni au la aibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, katika nchi zinazoendelea, wazazi 19.8 katika kila 100 hupatwa na tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sehemu kubwa ya tatizo hilo ni sonona. Kwa hiyo katika kila wazazi watano wa mtaa wenu, mmoja hivi amepita au anapita katika njia hiyo, hata kama hakumwambia mtu.

Majirani wanakwambia amekuwa hivi kwa sababu hakula. Mimi naliona jambo hilo likienda pande zote mbili. Kukosa hamu ya chakula ni mojawapo ya dalili za sonona yenyewe, kama homa ilivyo dalili ya malaria, kwa hiyo supu inaweza kuwa tamu kuliko zote ulizowahi kupika na bado mzazi asiione ladha yake. Papo hapo, mwili uliopoteza damu na usiolishwa hauna cha kutumia ili kunyanyuka, na huzuni hupata mahali pa kukaa. Ndiyo maana sitakwambia kwamba kipo chakula kimoja kitakachomrudisha, wala sitakwambia kwamba chakula hakina kazi. Nitakwambia tuanze na damu.

Barua yako inasema alifanyiwa upasuaji na akapoteza damu nyingi. Kila mililita ya damu ya mtu mwenye damu ya kutosha hubeba karibu nusu miligramu ya madini ya chuma. Mzazi aliyepoteza lita moja, kiasi ambacho kwa upasuaji si cha ajabu, ameondokewa na miligramu kati ya 350 na 500 za chuma. Kutoka kwenye chakula cha kila siku mwili hufyonza miligramu 1 au 2 tu, ukijitahidi sana kidogo zaidi ya hapo. Piga hesabu mwenyewe, mama: kulirudisha pengo hilo kwa kijiko na sahani peke yake ni kazi ya miezi mingi. Ongeza kwamba wanawake wengi wa kwetu huanza ujauzito wakiwa tayari na upungufu, kwani utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta upungufu wa damu kwa takriban asilimia 42 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49.

Chuma hakitengenezi damu peke yake. Ubongo nao unakihitaji ili utengeneze serotonini na dopamini, kemikali zinazohusika na furaha, ari, usingizi na uwezo wa kukaza akili katika jambo moja. Mzazi mwenye upungufu huchoka akipanda ngazi tatu, moyo humwenda mbio, kichwa humuuma, husahau alichotumwa, na kila kilio cha mtoto huwa mzigo unaozidi nguvu zake. Ukimtazama kwa nje utasema ana huzuni, na huenda anayo, lakini huenda pia sehemu ya unachokiona ni damu. Katika utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2005, wazazi wenye upungufu wa damu walipewa chuma tangu wiki ya 10 baada ya kujifungua hadi mwezi wa tisa, na vipimo vyao vya sonona na msongo vikawa bora kwa asilimia 25, wakati wenzao waliopewa vidonge visivyo na chuma hawakupata nafuu hiyo. Walioshiriki hawakuwa wengi, na matokeo hayo hayasemi kwamba kila sonona hutibiwa kwa chuma, kwa maana nimewaona wazazi wenye damu tele wakilia usiku kucha. Yanasema tu kwamba mzazi wa namna ya binti yako asiachwe bila kupimwa damu.

Kwa hiyo mpeleke kliniki wiki hii, msingoje siku ya arobaini, na muombe wapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka ifike gramu 12 kwa kila desilita au zaidi. Kati ya 8 na 10.9 upungufu ni wa wastani, na chini ya 8 ni mkubwa, na hapo daktari anaweza kuamua kumpa chuma kwa njia ya mshipa au hata damu. Waombeni pia wamtazame kidonda na kumpima joto la mwili, kwa sababu maambukizi ya kidonda, ya kizazi au ya njia ya mkojo huondoa hamu ya kula kimyakimya. Mwulizeni daktari na habari ya tezi ya shingo. Wapo wazazi ambao tezi hiyo huvurugika katika mwaka wa kwanza, nao huonekana kama wenye sonona, ilhali tiba yao ni nyingine.

Kuhusu vidonge alivyoviacha, simlaumu. Hufunga choo kweli, huchafua tumbo, na huleta choo cheusi ambacho kwa mtu asiyeelezwa kinatisha, ingawa hakina madhara. Lakini kidonge kimoja cha kawaida kina takriban miligramu 60 za chuma, kiasi ambacho ungekipata katika zaidi ya kilo mbili za nyama ya ng'ombe, na hakuna mzazi atakayezila kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri chuma kiendelee kutolewa kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua katika nchi ambazo upungufu wa damu ni tatizo la jamii, na yetu ni mojawapo. Basi arudi kwa muuguzi aeleze kilichompata, badala ya kuacha kimya. Anaweza kushauriwa ameze usiku kabla ya kulala, au ameze pamoja na chakula kidogo. Pia kuna utaratibu wa kumeza siku moja na kupumzika siku moja, kwa sababu utafiti uliofanyika Zurich na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake wenye upungufu wa chuma hukifyonza vizuri zaidi kwa mwendo huo; ni daktari atakayesema kama unamfaa kwa kiwango chake cha damu. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani na kutembea uani asubuhi vitamsaidia choo. Vidonge hivyo viwekwe mbali kabisa na watoto wadogo wa nyumba hiyo, maana mtoto akimeza vichache tu anaweza kupoteza maisha.

Chai ndiyo nina ugomvi nayo. Majani ya chai yana vitu vinavyokamata chuma cha mimea tumboni na kukizuia kufyonzwa, na kikombe kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Mzazi anayeishi kwa chai ya rangi na mkate asubuhi, mchana na jioni anapokea chuma kidogo kisha anakizuia kile kile alichokipokea. Usimnyang'anye, kwa kuwa huenda ndicho kitu pekee anachokifurahia kwa siku nzima. Kisogeze tu, akinywe saa moja au mbili baada ya kula, na kisikutane na kidonge. Mahali pa chai mezani weka maji ya ndimu, ya ukwaju au ya ubuyu, au kipande cha chungwa au embe, kwani vitamini C hukifungulia chuma mlango. Wanaomkataza matunda kwa kuwa ni ya baridi wanamkataza kitu kinachozifanya mboga zake zimfae.

Na chakula chenyewe? Mama, huna haja ya kununua chochote cha kigeni, kwa maana Tanga ina kila kitu. Dagaa mchele wanaoliwa wazima na miba yao wana protini, chuma, kalsiamu na vitamini B12 katika kiganja kimoja, nao ni nafuu kuliko kuku wa kienyeji ambaye pengine unauza kitu ili umnunue. Samaki, pweza, mayai na maini ya ng'ombe mara moja kwa wiki vyote vinafaa. Mbaazi za nazi za asubuhi ziwe badala ya mkate mtupu, kwa sababu nazi inatia nguvu nyingi katika sahani ndogo, jambo ambalo mtu asiye na hamu ya kula analihitaji kuliko mwingine. Mchicha, matembele, majani ya maboga na kisamvu kilichotwangwa na kuiva barabara vikamuliwe ndimu vikiwa mezani. Anayenyonyesha anahitaji takriban kilokalori 500 zaidi ya alizokuwa akihitaji kabla ya ujauzito, na kiasi hicho hakizidi mlo mmoja wa ziada usio mkubwa. Kwa hiyo zile sahani zilizojazwa hadi pomoni, ambazo sisi wenyewe tumezizoea kama alama ya mapenzi kwa mzazi, hazina ulazima, na mara nyingine humvunja moyo kwa kuzitazama tu.

Uji wa pilipili manga uendelee kama anaupenda, maana unampa joto, maji na nguvu kidogo, na una kumbukumbu nzuri za nyumbani. Lakini pilipili manga haitengenezi damu. Utie maziwa, au upike kwa unga wa ulezi uliooteshwa kimea, maana kuotesha hupunguza vile vinavyozuia chuma na huufanya uji uwe mwepesi kunyweka hata ukiwa na unga mwingi. Juisi ya rozela na ya bitiruti nazo zinasifiwa sana kwa ajili ya rangi yake. Ni vinywaji vizuri, ila wekundu wa kinywaji haugeuki kuwa wekundu wa damu, na nimesikitika kuona mzazi akiacha vidonge kwa kuitegemea glasi. Kuhusu maharage, gesi inayotokea tumboni mwa mama haipiti kwenye damu kwenda kwenye maziwa. Kama yanamsumbua yeye mwenyewe, yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale na upike kwa maji mapya, au mpe kunde na choroko zilizo nyepesi zaidi, lakini usimwondolee kundi zima la vyakula kwa ajili ya tumbo la mtoto.

Utaona pia vidonge vya mafuta ya samaki vikiuzwa kwamba vinazuia huzuni ya uzazi. Samaki sahanini ni mwema, lakini kuhusu vidonge naomba uhifadhi fedha yako: uchunguzi mkubwa wa Australia uliochapishwa mwaka 2010, ulioshirikisha wanawake wajawazito 2,399, haukuona kwamba mafuta hayo yakitumiwa wakati wa ujauzito yalipunguza sonona baada ya kujifungua. Fedha hiyo ikinunua nauli ya kwenda kliniki na trei ya mayai itakuwa imefanya kazi kubwa zaidi.

Namna ya kumpa chakula ina uzito sawa na chakula chenyewe, na hapa ninakuomba uvumilivu. Mpe kidogo mara tano au sita kwa siku, katika bakuli dogo, bila kusimama juu yake kuhesabu vijiko. Kaa ule pamoja naye, na mtoto abebwe na mtu mwingine wakati huo, kwa kuwa wazazi wengi niwaonao hula kwa mkono mmoja huku mwingine ukimshika mtoto, kisha chakula hupoa na kuachwa. Neno linalotutoka haraka, kula kwa ajili ya mtoto, jaribu kuliweka kando. Kwa mtu anayejiona mama mbaya, neno hilo huthibitisha kwamba yeye mwenyewe si kitu, ni chombo tu cha maziwa. Mwambie ale kwa sababu unampenda yeye.

Na juu ya maziwa, mwambie hivi, tena mwambie mara nyingi: maziwa yake yanafaa. Maziwa ya mama hubaki na nguvu na protini karibu ile ile hata mama asipokula vizuri, kwa kuwa mwili huchota katika akiba yake mwenyewe. Baadhi ya vitamini, hasa za kundi B, na madini joto ndivyo hushuka mama akikosa, na hiyo ni sababu ya yeye kula samaki na kutumia chumvi yenye madini joto, lakini si sababu ya kumwachisha mtoto. Wingi wa maziwa hufuata mtoto anavyonyonya. Anayenyonya mara nane au zaidi kwa siku, akiwa amekamata ziwa vizuri, huyaita maziwa yaje, na anayepewa chupa katikati huyapunguza. Uzito wa mtoto utakaoandikwa katika kadi ya kliniki wiki hii utamjibu binti yako vizuri kuliko maneno yangu. Ukiwa unapanda, mwonyeshe ule mstari.

Usingizi nao ni lishe ya ubongo. Kila usiku apate angalau saa nne au tano mfululizo, jambo linalowezekana kama atanyonyesha, alale, na wewe au dada yake mkampokea mtoto hadi zamu nyingine ya kunyonya. Kama hawezi kulala hata mtoto akichukuliwa, kama ulivyoandika, hilo mlitaje waziwazi kliniki, kwa kuwa linamwambia muuguzi mambo mengi.

Huko kliniki waombeni wamfanyie uchunguzi wa sonona kwa maswali yaliyothibitishwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inataka wazazi wote waulizwe, lakini foleni ni ndefu na mara nyingi anayepimwa ni mtoto peke yake, kwa hiyo ni haki yenu kuomba. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Edinburgh cha mwaka 1987, chenye maswali 10, ambacho kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Alama 13 au zaidi kati ya 30 kwa kawaida humfanya mhudumu achunguze kwa undani. Tiba ipo. Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo ya utaratibu na mtu aliyefunzwa hufanya kazi kubwa, na mtu huyo si lazima awe daktari bingwa: katika vijiji vya Pakistani, wahudumu wa afya wa kijamii waliofunzwa kuwatembelea wazazi nyumbani waliwasaidia kiasi kwamba, miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, ikilinganishwa na asilimia 53 ya wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na Shirika la Afya Duniani likayageuza kuwa kitabu cha mafunzo. Kama hali ni kali, daktari anaweza kuandika dawa, na zipo, kwa mfano sertralini, zinazopita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na kumruhusu mama kuendelea kunyonyesha. Akiandikiwa, asiziache mwenyewe baada ya wiki moja kwa kuona hazijafanya kitu, kwa sababu huchukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Wanaosema ni kijicho, usigombane nao. Dua ifanywe, kisomo kisomwe, moyo wa binti upate kutulia, lakini visiwe badala ya kliniki, na asipewe dawa za kunywa zisizojulikana wala asinyimwe chakula kwa jina la tiba.

Limebaki la arobaini. Mila yetu hii ina hekima kubwa ndani yake: mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja, hupikiwa, hulala, na hana wa kumtuma. Udhaifu wake ni kwamba huisha kwa siku moja. Kesho yake mzazi yuko ndani ya basi, na kesho kutwa yuko Dar es Salaam katika chumba cha kupanga, mume ametoka alfajiri, na yeye anapika, anafua na kunyonyesha akiwa peke yake. Sonona haifuati kalenda hiyo. Mara nyingi wiki ya sita hadi mwezi wa tatu ndipo inapoonekana vizuri, na damu nayo bado haijarudi. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo na baba siku 3, kwa hiyo mkwe wako huenda hakupata hata nafasi ya kuona mkewe amebadilika namna gani. Usimwone kuwa ni mkaidi. Mwite aje Tanga, au mpigie simu ukiwa na muda, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na mwombe aende naye kliniki ili asikie kutoka kwa mhudumu mwenyewe.

Kwa maoni yangu, asiondoke wiki ijayo. Asafiri baada ya damu kupimwa na tiba kuanza, akiwa anakula na kulala walau nusu ya alivyozoea, na baada ya kujulikana ni nani atakuwa naye Dar es Salaam saa za mchana katika miezi miwili ya mwanzo, iwe ni wewe, wifi yake au mdogo wake. Akiondoka abebe kadi yenye kiwango cha damu kilichoandikwa kwa tarakimu, vidonge vya kutosha, na jina la kituo ambako atapimwa tena baada ya wiki nne.

Kipimo hicho kikipatikana niandikie, pamoja na jibu alilokupa ulipomuuliza mlango ukiwa umefungwa. Lakini kama amejibu ndiyo, usipoteze muda kuniandikia. Nendeni hospitali kwanza.